Mama Alitangaza Narudi kwa Loki

Mama yangu ameishi Kitengela zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kumsikia akitamka R mahali R inapotakiwa. Si kwamba R imemshinda. R anayo, tena tele, ila anaiweka pahali pa L. Kulala kwake ni "kurara", na chakula kikiiva anaita kutoka jikoni, "Wari uko tayali!" Sisi Wakikuyu tumechekwa kwa hilo tangu shule ya msingi na tumezoea. Mimi mwenyewe nilisoma "Lais wa Jamhuli" mbele ya darasa zima, wakanicheka mpaka mwalimu akatoka nje. Nikajifundisha kwa hasira, nikanyooka. Mama hakunyooka na hana mpango huo.

Kwa hivyo nilipokuwa mwimbaji wa roki, Mama aliwaambia majirani kwa fahari kwamba mwanawe anaimba loki.

Sasa, kama hukulelewa upande wetu, ngoja nikueleze loki ni nini. Mtu akilewa jana, leo anaamka kichwa kimefungwa, kana kwamba kuna aliyekitia kufuli akaenda na ufunguo. Dawa yake, kwa walevi, ni kunywa kidogo tena asubuhi hiyo hiyo ili kufuli ifunguke. Hiyo ndiyo kutoa loki. Kwa watu fulani, "Umetoa loki?" ni salamu kabisa. Mama hajawahi kuonja pombe maishani mwake, na akisikia kutoa loki yeye anafikiria mlango. Mimi nami kwa miaka kama kumi na miwili nilifanya kazi mbili kwa bidii: niliimba roki na nilitoa loki. Na haki ya nani, ya pili ndiyo niliyokuwa hodari zaidi.

Roki ilinipata kwa kinyozi. Nilikuwa msichana wa kwaya, sauti ya kwanza, soksi nyeupe, mtoto wa kupigiwa mfano. Siku moja kinyozi jirani ya duka letu alifungua redio, na mwanamke mmoja akapiga kelele kwa hasira ambayo sikujua mwanamke anaruhusiwa kuwa nayo. Nilisimama hapo mlangoni na mkebe wa mafuta ya taa mkononi mpaka wimbo ukaisha. Mama alisubiri mafuta hayo sana.

Kundi letu lilikuwa watu wawili na robo. Kulikuwa na mimi. Kulikuwa na mpiga gitaa, kijana wa Kisomali ambaye jamaa zake wana duka la nguo na masufuria hapo mjini, na ambaye kwa miaka minne alimwambia baba yake kwamba hilo gitaa ni la rafiki. Robo ilikuwa yeyote aliyepatikana wa kupiga ngoma. Nyimbo tulitunga wenyewe na zilikuwa za mambo yetu: landilodi, upepo unaong'oa mabati, ng'ombe wamelala katikati ya barabara ya Namanga na hakuna wa kuwauliza. Ule uliopendwa zaidi ulikuwa wa lori la maji ambalo limeahidi kuja Jumanne, na Jumanne yenyewe haisemwi ni ya mwezi gani. Tulipiga Rongai, tukapiga Nairobi, hata Magadi tuliitwa mara moja, tukaimba kwa joto ambalo lililegeza nyuzi za gitaa kila baada ya wimbo. Watu walisema hiyo si muziki ni makelele, wengine wakasema ni ya shetani, halafu wakaja tena wiki iliyofuata na marafiki zao.

Na kwetu mtu akipenda wimbo hapigi makofi sana. Anamwita mhudumu na kukutumia chupa. Mhudumu anaileta hadi miguuni pako, anaifungua hapo hapo, anakuonyesha kwa kidevu: "Imetoka meza ile." Wewe unainua, meza ile inashangilia, na wimbo unaendelea. Kurudisha chupa ni kumtusi mtu mbele ya wageni wake. Mimi nilifunzwa adabu nyumbani, sikuwahi kumtusi mtu.

Mwanzoni nilikunywa moja kabla ya kupanda, ya kufungua koo. Baadaye moja ikawa inafungua nusu ya koo tu. Mwisho nilikuwa nimeamini kabisa, vile mtu anaamini jua litachomoza, kwamba sauti yangu inakaa ndani ya chupa na kazi yangu ni kuifuata.

Mchana nilikuwa na kazi ya heshima. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyeuza ploti, na mimi nilizunguka Kitengela kwa pikapu yenye vipaza sauti nikitangaza. Karatasi yangu ilisema maji yapo, stima ipo, barabara ipo. Asubuhi moja nilikuwa nimetoa loki vizuri kidogo kupita kiasi, na roho ikanituma kusema ukweli. "Wananchi!" nikapaza, kutoka stendi mpaka kwa mzunguko. "Maji hakuna! Stima hakuna! Barabara mtachora wenyewe! Karibuni sana!" Watu walicheka mpaka wakatufuata nyuma. Ati wawili walikwenda hata kuziona hizo ploti kwa sababu angalau kuna mtu ambaye hakuwadanganya. Nilifutwa kazi kabla ya saa sita, na hicho kisa nilikisimulia kwa miaka mingi kama ushindi.

Cha Kimana sikisimulii kama ushindi. Tuliitwa kuimba kwa harusi ya wakulima wa vitunguu huko, watu wakarimu sana. Nakumbuka tukishuka na vyombo. Nakumbuka nyanyake bwana harusi akinishika mikono yote miwili kunikaribisha. Kilichofuata ninachokumbuka ni kwamba niko nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya vitunguu, jua la asubuhi usoni, na ni Kitengela. Mpiga gitaa alikuwa ameketi kwenye ukingo akinitazama.

"Tuliimba?" nikamuuliza.

"Sisi tulipiga," akasema. "Wewe, wallahi, sijui ulikuwa unafanya nini."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba hatapiga tena na mimi mpaka niache pombe, nikauke. Akashusha gitaa lake, akavuka barabara akaenda kufungua duka. Nilimtukana mpaka akapotea. Nilikuwa na matusi mazuri siku hizo, na nguvu ya kuyatoa, ila miguu ya kumfuata sikuwa nayo.

Wiki hiyo Mama akaniambia nioge twende Kajiado tukaone mbuzi wa maziwa. Nikaoga. Tukafika kwa nyumba moja nje kidogo ya mji, geti la buluu, miti ya miiba, na kweli mbuzi walikuwepo. Pia kulikuwa na kitanda chenye jina langu. Ilikuwa nyumba ya kukausha walevi, wanawake tu, na mwenyewe alikuwa nesi mstaafu tuliyemwita Sista. Mama alinikabidhi begi ambalo alikuwa amelificha chini ya kiti cha gari, na chupi zangu zote zikiwa zimepigwa pasi.

"Umenidanganya!" nikamwambia.

"Mbuzi si wale?" akasema Mama, akaonyesha kwa mkono, kisha akageuka haraka ili nisimwone uso.

Nilikaa huko miezi mitatu. Siku za kwanza sizielezi, kila mlevi anazijua na asiye mlevi hazimfai. Lakini baada ya hapo, jamani, tulicheka. Weka pamoja wanawake tisa waliowahi kufanya kila aina ya aibu, uwape viazi wamenye, uone kama watanyamaza. Sista mwenyewe alikuwa mkali lakini midomo ilimcheza. Na getini kulikuwa na mzee wa Kimaasai ambaye kila asubuhi alinisalimu, "Takwenya!" Mimi nikajibu, "Nzuri, mzee." Akatikisa kichwa kwa huruma. Wiki mbili nzima. Mwishowe Sista akaniambia mwanamke akisalimiwa hivyo jibu ni "Iko". Kesho yake nikapaza, "Iko!" Mzee akafurahi mpaka akanifungulia geti, ingawa sikuwa na ruhusa ya kutoka.

Nikawa namjibu kwa hilo neno kila siku. Na kwa sababu Kiswahili changu ni cha "niko na" na "iko", likaanza kunisumbua nikimenya viazi. Iko, sawa, lakini nini iko? Hamu ya kula iko. Usingizi uko. Meno yote yako. Sauti je?

Hapo ndipo palinishika. Tangu nitoke shule sikuwa nimeimba mbele ya watu hata mstari mmoja nikiwa mkavu. Siku moja nilikwenda nyuma ya boma nikajaribu, wasikilizaji wakiwa mbuzi. Nilifungua mdomo ikatoka sauti ya mlango wa choo. Mbuzi wakaacha kula wakanitazama. Nilimkimbilia Sista nikamuuliza kama sauti yangu itarudi.

"Mimi ni nesi," akasema. "Mimi si redio."

Nikaona wazi yaliyo mbele yangu, na yalinitisha kuliko chochote nilichowahi kukabiliana nacho. Kama sauti haiko bila pombe, basi ama nitaacha kuimba, au nitarudi kuifuata kule iliko. Na mimi nisiyeimba, huyo mtu sikuwa nimewahi kukutana naye. Sikuwa na hakika angeweza kukaa mkavu hata mwezi mmoja.

Nilirudi Kitengela kwa Mama, nikawa namsaidia dukani. Anauza chakula cha kuku. Nilipima, nikafunga, nikasikiliza habari za kuku wa watu: aliyeacha kutaga, aliyeanza kula mayai yake. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Nilinenepa. Watoto wa ploti walinizoea wakaacha kunikimbia. Na sikuimba, hata bafuni.

Kisha mpiga gitaa akaingia dukani. Kuku hana. Alisimama akikagua magunia kana kwamba amekuja kununua, mwisho akasema kuna bustani ya nyama choma huku barabara ya Namanga, wanataka kundi la Jumamosi mchana, saa nane, nyimbo tatu tu.

"Siwezi," nikamwambia. "Hakuna mtu anaweza kuimba roki akiwa mkavu."

Akanitazama vile watu wanatazama mtu aliyesema ujinga kanisani. "Mimi nimepiga miaka kumi na miwili karibu yako," akasema. "Umewahi kuniona nikinywa nini?"

Soda. Aliwahi kunywa soda. Yeye ni Mwislamu wa kuswali swala zake tano, na miaka yote hiyo alisimama hatua mbili kutoka kwangu akiwa na akili zake timamu, akipiga gitaa la kukimbiza mbwa. Nilikuwa nimemwona bila kumwona. Nilicheka mpaka nikashikilia mizani.

"Na nyimbo zote unazikumbuka?"

"Zote, dada yangu. Na uliyofanya pia. Yote."

Tukaanza kufanya mazoezi nyuma ya duka, katikati ya magunia. Sauti ilikuja, kwa shingo upande. Chini ilikuwepo, katikati ilikuwepo. Lakini kwa wimbo wa lori la maji kuna mahali napanda juu kabisa kumwita dereva, na hapo kila mara ilikatika. Mpiga gitaa akasema tushushe wimbo mzima kidogo, si dhambi. Nikamwambia roki haishushwi. Nilikuwa na kiburi, sikatai. Nilijiambia nikishusha wimbo kila mtu atajua kilichokuwa kinanipandisha.

Nilimpigia Sista simu. "Ukiona koo limekauka, kunywa chai," akasema. "Ukiona umeshindwa, shuka uende nyumbani. Hakuna aliyekufa kwa kutoimba." Hakuongeza kingine, wala kwaheri.

Jumapili iliyotangulia Jumamosi hiyo, Mama alikwenda kanisani peke yake kwa sababu nilikuwa na mafua. Wakati wa mahitaji ya maombi ulipofika alisimama, na kitambaa chake cha samawati cha akina mama wa kanisa, akatangaza kwa sauti yake nzuri ya sokoni, "Ndugu zangu, mniombee mwanangu. Jumamosi saa nane mchana analudi kwa loki."

Wenzake ni Wakikuyu kama yeye na wao pia L zao zinatangatanga. Siku nyingine wangejua. Lakini kanisa zima lilijua nilikotoka, lilijua Kajiado nilikwenda kufanya nini, na hili neno kwa mtu kama mimi lina maana moja. Tena na saa yake! Mlevi gani huyo ambaye anatangaza saa?

Mama alirudi nyumbani macho yameloa. "Wamelia, mami," akaniambia. Ananiita mami kwa sababu nimeitwa jina la mama yake. "Wamelia kwa sauti. Wamesema watafunga siku tatu. Sikujua wanapenda muziki yako hivyo."

Nami sikujua. Niliguswa, nikajilaumu kwa vile nilivyowadharau hao akina mama.

Wiki hiyo walikuja dukani mmoja mmoja. Walinunua nusu kilo ya chakula cha kuku, hata wale wanaokaa ghorofani. Kila mmoja alinivuta akanikumbatia, na kunikumbatia kwenyewe kulikuwa kwa pua, karibu na mdomo. "Pigana nayo, msichana wangu," mmoja akasema. Nikasema nitapigana nayo, kwa sababu nilidhani anazungumzia ile sauti ya juu. Mwingine akaniletea nduma na uji wa wimbi, akasimama mpaka nikamaliza. Mwenyekiti wao, mama mnene wa sauti nzito, alinishika mabega akauliza, "Lazima iwe Jumamosi?" Nikasema wanataka Jumamosi. "Ni akina nani hao wanataka?" akauliza kwa ukali, na nikafikiri, maskini, anaona wivu wa bustani.

Jumamosi ikafika. Jua kali, moshi wa nyama, meza zimejaa watu. Mama alivaa rinda lake la Krismasi. Nilikuwa nimesimama jukwaani na thermos ya chai ya tangawizi nikipima kipaza sauti, nikaona vitambaa vya samawati vikiingia getini kwa mstari. Kumi na mmoja. Walipita katikati ya wanywaji bila kutazama kulia wala kushoto, wakaja moja kwa moja mpaka mbele. Mwenyekiti akapanda jukwaani, akaninyang'anya kikombe, akanusa, akaonja, akaonja tena.

"Ni chai," akasema. Kipaza sauti kilikuwa wazi, bustani nzima ikasikia.

"Ni chai, mama," nikasema. "Kwani mlidhani ni nini?"

"Mama yako alitwambia unarudi kwa loki!"

"Ndiyo. Roki."

"Loki!"

"Roki, mama! Muziki! Gitaa si hilo?"

Mwenyekiti alilitazama gitaa. Akamtazama Mama, ambaye alikuwa amesimama na soda mkononi. "Si ndiyo nilisema?" Mama akauliza, akiwa amekasirika kweli. "Nilisema rrr... nilisema loki!"

Woi! Bustani ilianguka. Wanaume walipiga meza. Mpiga gitaa aligeuka ukutani, mabega yakitikisika. Mwenyekiti mwenyewe alianza kucheka polepole, tumbo kwanza, mpaka akaketi kwenye kipaza sauti kikubwa akipangusa machozi kwa kitambaa. "Siku tatu sijala," akasema. "Leteni nyama!"

Baada ya hapo ilibidi niimbe, na kila jicho likiwa kwangu.

Wimbo wa kwanza ulipita. Ulikuwa wa landilodi, ni wa hasira ya chini kwa chini, na hasira ninayo hata nikiwa mkavu. Akina mama walitingisha vichwa, landilodi wanamjua. Kisha tukaanza lori la maji. Nikafika pale pa kumwita dereva, nikapanda, na sauti ikakatika katikati, kelele ikawa pumzi tu. Mpiga gitaa akasimamisha. Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakamnyamazisha, na hicho kimya kikawa kibaya kuliko kicheko.

Na hapo mhudumu akaja. Kwa wema kabisa. Aliiweka chupa miguuni pangu, baridi, maji yakitiririka, akaifungua. "Imetoka meza ile," akasema. Meza ile, wanaume watatu, mashabiki wa zamani, wakanipungia. Walitaka kunisaidia. Walikumbuka dawa yangu.

Niliitaka. Sitapamba. Niliitaka na mikono, na koo, na kila kitu. Nilijua hasa jinsi ingeteremka, na jinsi ile sauti ya juu ingefunguka baada ya nusu chupa tu. Sikumtazama Mama, niliogopa kumtazama. Hakuna aliyeomba kwa sauti, hakuna aliyekemea pepo. Hao kumi na mmoja walikaa tu, nyama mkononi, na nadhani sasa wote walielewa kwamba hata kama si loki, ni loki.

Niligeuka kwa mpiga gitaa.

"Shusha," nikamwambia.

"Kiasi gani?"

"Shusha mpaka nifike."

Akashusha. Hakusema nilikwambia, na kwa hilo tu nitamheshimu mpaka kufa. Nilipokuwa nikimsubiri, niliinama nikachukua chupa, nikamkabidhi mhudumu mwenyewe. "Rudisha meza ile," nikasema kwenye kipaza sauti. "Waambie asante sana, na si matusi. Wakinipenda wanitumie maji ya moto, thermos imeisha." Wale wanaume wakatazamana. Kisha mmoja akainuka, akanipigia saluti, akaenda jikoni mwenyewe.

Tukauanza upya. Nilipofika kwa dereva, nilimwita kutoka chini, na akaitika. Sauti haikuwa ile. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, ni ya mwanamke mzima mwenye ndoo. Lakini ilikuwa yangu, na niliisikia! Hicho ndicho kitu sikukitarajia. Nilisikia gitaa linafanya nini chini yangu. Nilimsikia mwenyekiti akipiga kofi nje ya mdundo. Nilisikia watu wakiimba na mimi, nikajua kwamba hata zamani labda waliimba, ila mimi sikuwepo. Nilifurahi kiasi kwamba maneno yalinichanganya kidogo mahali fulani, nikapita tu, hakuna aliyegundua. Wimbo wa tatu akina mama walisimama wakacheza, na ilikuwa ajabu kuona.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama akavua viatu mlangoni, akaweka mkoba mezani.

"Ule wa maji umeukosea," akasema.

"Wapi?"

"Kwa ubeti wa piri. Umesema 'ndoo yangu iko tupu' mala mbiri. Ya piri ni 'ndoo yangu bado nimeibeba'."

Ni kweli. Niliutunga mimi, na nilikuwa nimeukosea pale pale. Lakini Mama alikuwa hajawahi kuja kunisikiliza kabla ya siku hiyo, hata mara moja. Na wimbo huo hatukuwahi kuurekodi.

"Umeujulia wapi?" nikamuuliza.

"Kwako." Akaonyesha kochi. "Ulikuwa unakuja, unaanguka hapo, unarara. Na ukirara unaimba. Wimbo mzima, mami. Mimi nilikuwa naweka kiti hapa. Ukiimba, najua unapumua. Ukinyamaza, naamka nakushika pua."

Nikaketi kwenye kochi hilo.

"Na zile siku sikurudi?"

"Hizo niliimba mwenyewe," akasema Mama.

Nililia, tena kwa sauti, hapo hapo kwenye kochi. Aliniacha nilie mpaka nikatosheka. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaniimbia ubeti wa pili polepole, mara tatu, mpaka nikaushika.